Nilivyosoma Kitabu cha Mbuzi Kinyumenyume

Mimi si mtu wa vitabu, na niliseme hilo mapema kabla mtu hajanivika kilemba cha ukoka. Nyumbani kwetu Voi tulikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na madaftari ya shule ambayo mama aliyatumia kuwashia jiko mwaka ulipoisha. Hakuna aliyewahi kunipakata akanisomea. Kwa hiyo nilipofika Riyadh, kwenye nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Suwaidi, nikakuta chumba cha mtoto kina rafu nzima ya vitabu vya picha, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba hivyo vyote nitavipangusa vumbi mimi. Na vumbi la Riyadh halina adabu, unalifuta asubuhi na adhuhuri limerudi.

Madam alikuwa mwalimu wa sekondari ya wasichana. Mumewe nilimwita baba, alitoka asubuhi na kurudi jioni. Walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka minne, na mtoto huyo alikuwa hasemi. Sisemi alichelewa kidogo, hapana, hakuwa na neno hata moja. Masikio yalipimwa yakaonekana mazima. Akitaka maji alinivuta gauni mpaka jikoni, akitaka kulala alinivuta mpaka kitandani, na mimi nilifuata kama mkokoteni.

Wangu nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu, na huyo alikuwa kasuku. Nitasema ukweli: miezi ile ya kwanza nilimwonea madam wivu kwa kuwa na mwanawe chini ya paa moja, na mtoto nilimkasirikia kwa kunyamaza wakati wangu mimi anapiga domo huko mbali na sauti yake sipati ila kwa simu. Haikuwa haki, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Alasiri moja mtoto alichomoa kitabu kwenye rafu, akakiweka mapajani pangu na kukaa. Kiarabu sikujua kusoma hata alifu. Ningeweza kusema mafi, yaani hakuna, sijui, nikarudi kwenye pasi yangu. Lakini alikuwa amekaa kwa imani kubwa mno, kama mtu aliyeshakata tiketi. Nikakifungua kama nilivyofungua vitabu vyote maishani mwangu, kutoka kushoto, nikaanza kusoma picha.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwana-mbuzi mweupe amelala ubavuni mwa mama yake. Ya pili, mvua inanyesha na mwana-mbuzi yuko peke yake chini ya mkokoteni. Ya tatu yuko sokoni kati ya matikiti maji. Ya nne yuko kisimani na punda. Ya mwisho, mama mbuzi amesimama mlangoni mwa nyumba na mwana-mbuzi yuko uani, wanatazamana. Nikasimulia kwa Kiswahili. Palikuwa na mwana-mbuzi aliyelala na mama yake, asubuhi akaamka akakuta mama hayupo, ameenda mbali kutafuta majani. Akamtafuta kwenye mvua. Akamuuliza muuza matikiti. Akamuuliza punda, na punda akamwambia, rudi nyumbani, mama yako yuko njiani. Akarudi, na lo! Mama huyo hapo mlangoni.

Mtoto alifunga kitabu, akakirudisha mapajani pangu. Tulikisoma mara nne siku hiyo, na pasi ikapoa.

Tangu hapo ikawa desturi, kila siku baada ya chakula cha mchana. Nilianza kama tulivyoanza sisi shuleni, "Hadithi, hadithi!" na kwa kuwa hapakuwa na wa kuitikia, nikaitikia mwenyewe, "Hadithi njoo!" Wiki ya pili madam alirudi kazini mapema, akanikuta kwenye zulia nimepaza sauti. Alisimama na mkoba begani.

"Unamfundisha hadithi?" aliuliza.

"Ndiyo, madam. Kila siku."

Uso ulimbadilika. Kwao hadithi ni maneno ya Mtume, na alijua vizuri mimi ni Mkristo.

"Hadithi gani? Umejifunzia wapi?"

"Ya mbuzi, madam. Amempoteza mama yake, akamuuliza punda."

Madam alikaa kitini polepole. Ndipo akili ikanijia, nikaanza kupunga mikono miwili. "Mafi, madam! Si ile hadithi! Kisa! Hekaya!" Kisa na hekaya aliyaelewa, maana maneno hayo tuliyachukua kwao na hatujayarudisha. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaniambia niendelee na mbuzi wangu. Namna nilivyokishika kitabu hakuiona, macho yake yalikuwa kwa mtoto, ambaye alikuwa ametulia kimya akisubiri punda afike.

Mwezi wa tano wa kusoma hivyo, siku moja kama siku nyingine, nilisema "Hadithi, hadithi!" nikanyamaza kidogo kusikiliza chungu cha wali jikoni, nikihofia kinaungua.

"Njoo."

Niligeuka nikadhani ni televisheni. Ilikuwa imezimwa. Nikasema tena, taratibu, "Hadithi, hadithi," na mtoto akanitazama mdomoni kisha akasema, kwa sauti nzito kidogo ambayo sikuitarajia kwa mwili ule mdogo, "Njoo." Wali uliungua kweli, na hakuna aliyenisema.

Jioni madam aliniuliza neno lile lina maana gani. Nikamwambia njoo ndiyo taali. Akanisihi nirudie mbele yake, nikarudia, mtoto akaitikia, na madam akalia waziwazi huku amemshika mtoto mashavu. Baba alitoka nje akajifanya anatafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa. Baada ya njoo likaja maji, likaja punda, na miezi miwili baadaye Kiarabu nacho kikaanza kumiminika, mpaka madam akaanza kumwomba anyamaze kidogo. Sidai nilimponya. Labda maneno yalikuwa njiani yenyewe. Ninachojua ni kwamba yalipofika yalikuta mtu amekaa anayangoja na kitabu mapajani.

Kiburi kikanipanda. Nilirekodi kwenye simu mimi nasema "Hadithi, hadithi" na mtoto anaitikia, nikamtumia mama Voi ili wasikie maajabu yangu. Mama alinijibu siku ya pili.

"Mtoto ameuliza, ni nani huyo anaitikia hadithi ya mama yangu," alisema. "Sasa simu haitaki. Nikimpa anaiweka chini."

Nilikaa juu ya ndoo ya kufulia, na aibu niliyoiona siwezi kuipamba. Mtoto wa watu nilikuwa nimemsimulia kisa kile hata sijui mara ngapi. Wangu sikuwahi kumsimulia hata kimoja. Nilipokuwa naye nilikuwa mtu wa kazi na kelele, vaa viatu, maliza uji, toka hapo utaungua. Nilidhani kulea ni huko tu.

Nikaanza upya. Kila Ijumaa, siku yangu ya nafasi, nilijifungia chumba cha kufulia nikamsimulia yeye peke yake, kwa jina lake, na kumtumia picha za kitabu ukurasa kwa ukurasa kwenye ile simu ya mama. Wiki mbili hakujibu kitu. Ya tatu alimwambia nyanya yake amwonyeshe tena ule ukurasa wa mwisho. Kisha kila siku ule ule. Halafu mama akaniambia jambo lililoninyima raha: alasiri mtoto alikuwa anajisimamisha uani, anatazama mlango wa nyumba.

"Namuuliza unafanya nini," mama alisema, "ananiambia namngoja mama mbuzi afike."

Ahadi ni deni, husema watu wazima, na wanasema kwa kuzoea tu. Mtoto hazoei. Mimi nilidhani nasimulia kisa, kumbe mwenzangu amepokea ahadi.

Shule zilipofungwa tulikwenda Jeddah kwa mama yake madam, mwanamke mnene mcheshi aliyependa kuketi chini kuliko kitini. Alasiri ya kwanza alinikuta nasoma, akaangua kicheko.

"Umekishika mkia!" alisema. Akakichukua, akakigeuza, akafungua kutoka kulia kama vitabu vya kwao vinavyofunguliwa, akasoma, na madam akawa ananifasiria. Mama mbuzi amesimama mlangoni anamwonya mwanawe asiende mbali. Mtoto hasikii. Anaenda kisimani, anaenda sokoni, mvua inamkuta, mama anamtafuta mpaka anampata, wanalala.

Kumbe aliyeondoka ni mtoto. Mama hakwenda popote.

"Nani alikwambia mama aliondoka?" aliniuliza yule bibi.

Nikajibu kuwa ni picha. Hazikuwa picha, na nadhani alijua, kwa sababu hakucheka tena. Mjukuu wake alikuja akakichukua kitabu, akakigeuza upande wangu, akanirudishia mapajani.

Siku hiyo hiyo madam alinifuata jikoni. Mkataba wangu ulibakiza miezi miwili, akaomba niongeze miaka miwili mingine. Hakuniamuru, aliniomba, na ndilo lililokuwa gumu. "Anaanza shule," alisema. "Bila wewe naogopa atanyamaza tena." Na mimi yule mtoto nilikuwa nimempenda, sitaficha. Nyumbani kazi haikuwapo. Miaka miwili ingetufaa sana, na wangu angekuwa na saba, umri wa kutosha kuelewa, au kusahau. Nilimwambia madam nitamjibu Jumamosi.

Alhamisi nilimsindikiza yule bibi mtaa wa Ghulail, alikokuwa na muuza viungo wake wa miaka mingi. Nilibaki garini na mifuko. Simu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka Voi, na haukuwa wa mama yangu.

"Hadithi, hadithi!" alisema binti yangu. Akajiitikia mwenyewe, kama nilivyokuwa nikifanya mimi zamani. "Mama njoo!"

Nyuma yake nikamsikia mama yangu akimrekebisha. "Si hivyo, mjukuu wangu. Sema, hadithi njoo."

"Hadithi imekuja," akajibu mtoto. "Mama ndio bado."

Yule bibi aliporudi na iliki zake alinikuta nimeinamia mifuko nalia. Akauliza kuna nini, nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mwanangu ameniita. "Amekuitaje?" Nikasema, "Njoo." Neno hilo alilijua, mjukuu wake alilisema nyumba nzima. Aliketi, akafunga mlango wa gari, akanishika goti. Tulipofika nyumbani alimwita binti yake kando, na nilichokisikia ni mwisho tu: "Halas, basi. Mwache aende kwa mwanawe."

Madam hakununa, ingawa siku mbili alizungumza nami kwa maneno machache. Siku ya tatu alikuja kuketi zuliani. Akajifunza kusema "Hadithi, hadithi," akilitamka kwa koo kama wanavyotamka wao, na mtoto akaitikia hata kwa mama yake. Waliposoma, madam alianzia upande wa kulia kwenda kushoto, na akimaliza mtoto anakigeuza na kudai ile nyingine. Madam akaisimulia nayo, ya mama aliyekwenda kutafuta majani, kwa Kiarabu, huku ananitazama. Miezi miwili ilipoisha alinunua nakala mpya ya kitabu, ile kuukuu akanipa mimi. Mtoto alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilimwambia aende shule asome, akanijibu mengi sana, na mimi sikusikia hata moja.

Nilifika Voi alasiri. Binti yangu alikuwa uani na ndoo ya plastiki, amerefuka, meno mawili ya mbele hana. Nilisimama kwenye geti la mbao na sanduku, nikamwita. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ni mama yako huyo," mama yangu alisema kutoka mlangoni, sufuria mkononi. "Kimbia umsalimie."

Hakukimbia. Alitazama sanduku, akanitazama mimi juu mpaka chini, akakunja uso kama mtu aliyeletewa kitu ambacho hakuagiza.

"Si hapo," alisema.

"Si hapo wapi, mwanangu?"

"Mama mbuzi anasimamanga mlangoni."

Nikaacha sanduku pale getini. Nilivuka ua, nikapita karibu yake kiasi cha kunusa sabuni nguoni mwake, na sikumgusa, na katika mambo yote niliyofanya miaka ile miwili hilo ndilo lililokaribia kunishinda kabisa. Mama alinipisha na sufuria yake. Nikasimama mlangoni, nikageuka.

Binti yangu alitua ndoo, akaenda katikati ya ua, akasogea kidogo kushoto, akaangalia miguu yake, akaniangalia mimi. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Haya," alisema. "Sema."

"Hadithi," nilisema. "Hadithi, hadithi."

Hakuitikia. Alikuwa ameshaanza kukimbia.