Salamu ya Katikati ya Barabara

Naikumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, upepo wa Sumbawanga ukipenya hadi kwenye mifupa, nilipokaribia kumuua mtu kwa sababu ya adabu. Nimesikia umeitoa baiskeli yako stoo, unataka kuiendesha tena kwenda kazini. Nimefurahi kwelikweli. Ila kaa kwanza unisikilize.

Umri wangu ulikuwa kama wako sasa. Mama yangu alikuwa amelazwa hospitali hapa mjini, tumbo linamsumbua, hali chochote isipokuwa uji wa ulezi niliopika mimi. Asipoupata, analala na njaa. Kwa miguu nisingeweza kwenda na kurudi mara tatu kwa siku, na pikipiki nilikuwa naziogopa kuliko nyoka. Usicheke. Basi nikaitoa baiskeli ya marehemu baba, ileile niliyopelekea mahindi mashineni nilipokuwa msichana kule Mpui. Miaka zaidi ya kumi sikuwa nimeigusa. Miguu ilikumbuka mara moja, lakini mji haukuwa ule nilioujua: bajaji huku, malori kule, kila mtu ana haraka.

Sisi wa Mpui tulilelewa hivi: ukiwa juu ya baiskeli ukamwona mzee, unashuka palepale, unachutama, unapiga makofi taratibu na kumwamkia. Kumsalimia ukiwa umekaa kwenye tandiko ni utovu wa adabu. Kwa barabara zetu haikuwa shida, maana nyuma yako hakukuwa na mtu, labda ng'ombe.

Siku ya tatu, karibu na soko, nikasikia naitwa. Alikuwa Mzee Kasiano, seremala, rafiki wa marehemu baba, amesimama mlangoni pa karakana yake anacheka kwa furaha ya kuniona. Nikafunga breki katikati ya barabara, nikashuka, nikaanza kuchutama. Sikutazama nyuma hata kidogo.

Pikipiki iliyokuwa inanifuata ilinikwepa, ikagonga gurudumu langu la nyuma, na dereva wake akarushwa hadi mtaroni. Akalala kimya. Mwanangu, nilidhani nimemuua. Kisha yule kijana akaketi, goti linavuja damu, akanitazama.

"Mama, ulikuwa unasali?"

Jina lake Maige, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Mtowisa. Nilimwomba radhi. Chupa ya uji ilikuwa imepasuka, uji wote uko barabarani. Mzee Kasiano alifika mbio, na kicheko chote kimemtoka.

"Nani kakwambia nataka salamu ya namna hiyo?" aliniuliza. "Ungekufa hapa, ningekwenda kumwambia nini mama yako wodini? Kwamba binti yako amekufa akiniamkia mimi?"

Nilimwambia sipandi tena baiskeli maisha yangu yote. Akanijibu kwa ukali kwamba mama anangoja uji. Akamwosha Maige lile goti, akalinyoosha gurudumu langu kwa mikono yake, kisha akanionyesha: geuka utazame nyuma, nyoosha mkono, sogea hadi pembeni kabisa, simama, ndipo ushuke. Akanirudisha barabarani palepale, anatembea kando yangu mpaka nikaweza kwenda peke yangu. Nikarudi nyumbani kupika uji mwingine, na mchana ule mama alikunywa vikombe viwili, akalalamika kuwa sukari haitoshi, na mimi nikalia kwa furaha.

Kesho yake nilipopita, Mzee Kasiano alikuwa amekaa mlangoni, ameipa barabara mgongo. Keshokutwa vilevile. Iliniuma, nikajua amenikasirikia. Siku iliyofuata nikafanya kama alivyonifundisha, nikaegesha baiskeli ukutani, nikachutama mbele yake.

"Shikamoo baba. Nimekukosea sana?"

"Marahaba mwanangu. Hujanikosea," alisema. "Lakini nikikutazama, utashuka. Nawajua ninyi watoto wa Mpui. Na siku ile mimi ndiye niliyekuita."

Yule mzee alipenda kuamkiwa kuliko kula. Lakini siku zote mama alizokaa hospitali, kila alipojua muda wangu umefika, aliigeuzia barabara mgongo wake ili nipite salama. Mama alitoka akitembea mwenyewe na tukaishi naye miaka mingi. Namshukuru Mungu kwa miaka hiyo. Namshukuru kwa uhai wa Maige. Na ule mgongo wa Mzee Kasiano naushukuru hadi leo.

Basi endesha baiskeli, mwanangu, usiogope. Tazama nyuma kabla hujasimama. Mkono wako useme unakokwenda kabla gurudumu halijageuka. Ukiitwa na mtu, hata awe mjomba wako, hata awe padri, fika kwanza pembeni ndipo umheshimu. Heshima ya barabarani ni kumwacha na uhai yule anayekuja nyuma yako, ambaye humjui jina. Na mimi ukinikuta njiani na zigo langu la mboga, nipite. Sitakuita. Sitanuna. Nitasimama pale nikusikilize unavyopita, niseme moyoni kwamba mwanangu ananipenda.

Mungu aitangulie njia yako, akulinde mbele na nyuma, na jioni mlango wa kwenu ufunguliwe na mkono wako mwenyewe.