Rampu Niliyoipaka Mafuta ya Pamba

Nitawasimulia, ila mnikubalie jambo moja, mtakaponicheka mnicheke mbele yangu, maana kwa nyuma nimechekwa vya kutosha. Mpaka leo nikienda Bariadi mjini sokoni kuna mtu atapaza sauti kutoka kwenye fungu la nyanya, "Robota huyo!" (robota ni lile furushi kubwa la pamba linalobanwa na kufungwa kiwandani), na mimi ninajifanya nasoma simu. Jina hilo sikupewa na wazazi. Nililipata siku ya mkutano mkuu wa chama chetu, mchana kweupe, mbele ya wanachama wote na bwana ushirika wa wilaya, na tabu ni kwamba jina ndiyo sehemu ndogo ya aibu yenyewe.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, kijijini kwetu huku, si mbali na Bariadi. Ukumbi wetu ni ghala la zamani, la tangu enzi ambazo babu zetu waliuza pamba hapo kwa foleni ya siku nzima. Kuta zake ni za mawe ya kuchonga, milango yake ni ya mninga uliokolea rangi mpaka unakaribia weusi, madirisha yako juu kabisa na yana nondo (wezi wa pamba hawakuanza leo), na mbele kuna jukwaa lililoinuliwa sawa na bodi ya lori, ili magunia yasukumwe tu yaingie. Nalipenda jengo lile. Mke wangu husema nalipenda kuliko nyumba yangu, na nikiutazama ukuta wa jikoni kwake siwezi kubisha.

Sasa jukwaa lililoyafaa magunia halikumfaa Milembe. Milembe ni mwanachama wetu, mama wa makamo, miguu yake ilipooza tangu utotoni, anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono, na shamba lake la pamba ukiliona utaona haya kuonyesha la kwako. Mikutano yote alikuwa anasikilizia nje, chini ya dirisha. Zamani kidogo vijana walimbeba kumpandisha ngazi, mmoja akatania kwamba mzigo huu ungepimwa kwanza kwenye mizani, watu wakacheka (na mimi nilicheka, sitaki kuwadanganya), tangu siku hiyo akasema habebwi tena na mtu. Halafu mwaka huu akachukua fomu ya kugombea ujumbe wa bodi. Na utaratibu wetu ni kwamba mgombea anasimama mbele ya wanachama ukumbini, anajieleza, anaulizwa maswali, ndipo kura zinapigwa. Kwa hiyo lazima aingie.

Kamati ikakaa. Wengine wakataka tuvunje ngazi, tumwage zege, basi. Nikasimama nikawaka, nikasema jukwaa lile ni kumbukumbu, wajukuu zetu wataona nini, kila jengo la zamani tukilipiga zege tutabaki na picha kwenye simu. Mwenyekiti wetu, Mzee Masunga, akatikisa kichwa kukubali. Tukamuita na Milembe, naye hakupinga hata kidogo.

"Baba yangu alipanga magunia juu ya jukwaa hilo mpaka mgongo ukapinda," alisema. "Msilivunje. Nipeni njia tu ya kupanda."

Tukaafikiana rampu ya mbao, inayoegemea jukwaa bila kugusa jiwe hata moja, ikitakiwa kutolewa inatolewa. Fundi akaitengeneza vizuri, ndefu, mteremko wake wa upole, imara, unaipiga teke inakuumiza wewe. Ingebaki hivyo leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Ila mimi niliitazama rampu ile siku moja kabla ya mkutano, mbao mpya, nyeupe-nyeupe, ziko mbele ya mlango wa mninga uliozeeka kwa heshima, nikaona haziendani. Zilinikera. Nikafikiri, jengo la pamba, tuipe rangi kwa kitu cha pamba, nikaenda nyumbani nikachukua dumu la mafuta ya mbegu za pamba (mke wangu alikuwa kisimani, na hilo nalo lina kesi yake mpaka leo), nikachukua na tambara, nikaanza kupaka. Mbao zikakolea! Nikapaka tena. Zikang'aa, nyuzi za mti zikajitokeza, nikarudi nyuma nikatazama, nikaongeza mkono wa mwisho kwa kujipongeza. Nikaijaribu kwa kutembea juu yake, mimi na makatambuga yangu ya tairi yenye meno, nikaona hakuna shida.

Nikiwa hapo Milembe akafika anatoka shamba, tukasalimiana kwa Kisukuma, mimi nikimwita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, Katibu."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu. Nimekuja kuijaribu, nizoee kona yake, kesho nisije nikababaika."

Nikamkatalia. Nilimwambia mafuta bado mabichi, matairi yake yatachora mistari kwenye mbao, bwana ushirika atakuta imechafuka. Nikamwambia kesho yeye ndiye atakayepita wa kwanza, mbele ya watu wote, nimeshapanga mpaka utepe. Aliitazama ile rampu, akanitazama na mimi, akasema "Haya," akageuza baiskeli. Nikaona nimemheshimu sana.

Kesho yake jua la kwetu Simiyu halikuchelewa. Wanachama walipokuwa wanajaa uwanjani mbao zilikuwa zimeshapata joto na mafuta yanatokeza juu kama jasho, mimi nayaona nafikiri ni mng'ao. Nilivaa suti na viatu vya ngozi vyenye soli mpya, makatambuga nimeyaacha nyumbani kwa sababu ya heshima ya shughuli. Nilisimama juu jukwaani na kipaza sauti, Mzee Masunga kando yangu, bwana ushirika chini na mkasi wake. Nikahutubia kuhusu urithi. Nilihutubia kirefu, mpaka Mzee Masunga akanivuta koti. Utepe ukakatwa, akinamama wakapiga vigelegele, Milembe akaanza kupanda.

Alikuwa amevaa kitenge kipya. Alinyonga mpaka katikati vizuri kabisa, nami nikaanza kupiga makofi kwenye kipaza sauti, halafu nikaona gurudumu la mbele linazunguka na baiskeli haiendi. Akanyonga tena. Gurudumu linazunguka, baiskeli inarudi nyuma kidogo. Akafunga breki, akashika ukingo kwa mkono mmoja, akasimama. Na alisema, kwa utulivu, wote walisikia: "Tulieni. Nashuka taratibu."

Angeshuka. Hilo ndilo linaloniuma, mwanamke yule ameendesha hiyo baiskeli kwenye matope ya mbugani na makorongo maisha yake yote, angeshuka kinyumenyume salama. Lakini mimi niliona shughuli yangu inaharibika, nikapiga kelele "Nakuja!" kwenye kipaza sauti, nikakimbia kutoka juu na zile soli mpya. Hatua ya kwanza ilishika. Ya pili sikuiona ilikoenda. Niliteremka kwa makalio kama gunia linaloshushwa kwenye lori, miguu mbele, nikaligonga gurudumu lake la mbele, mkono wake ukaachia ukingo, na sote wawili na baiskeli tukaenda mpaka chini. Baiskeli ikalala ubavu. Yeye akaangukia kiganja, nikasikia ameguna.

Bwana ushirika akakanyaga rampu kuja kutusaidia, akakaa chini bila kupenda, mkasi ukaruka huko. Mtu akapiga kelele "Mwageni kitu, mwageni kitu kinyonye mafuta!" na kitu kilichokuwa karibu ni pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, imebaki pembeni ya ghala tangu msimu. Wakaimwaga kwa mafungu. Wakaimwaga juu yetu. Nilisimama nimeloa mafuta kuanzia kola mpaka visigino, na pamba imeninasa kila mahali, masikioni, kwenye nywele, mdomoni, na hapo ndipo sauti moja ikasema "Robota!" na uwanja mzima ukalipuka.

Milembe hakucheka. Alikuwa amekaa chini ameshika kiganja chake, kitenge kimegeuka rangi. Vijana wawili wakaja wainame wambebe, akawaambia, "Msinishike. Niinulieni baiskeli." Wakaiinua, akajipandisha mwenyewe kwa mkono mmoja, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Mngedhani aibu imeishia hapo. Bwana ushirika, akijipangusa suruali, alisema muda umekwenda na ana mkutano mwingine jioni, tuingie ndani. Tukaingia kwa kupitia ngazi. Sisi wenye miguu. Nilikaa mezani pangu na pamba yangu kichwani, wagombea wakajieleza mmoja mmoja, likafika jina lake, na mimi katibu ndiye ninayeita majina. Nikaita. Nikaita tena, nikiwa nimeinamisha macho, na kalamu tayari kuandika kwamba mgombea hayupo.

"Nipo," ikasema sauti kutoka dirishani. "Niko nje hapa."

Watu wakageuza shingo. Dirisha lile liko juu, nimeshawaambia, unaona nondo na anga tu. Bwana ushirika akaniuliza mimi, katibu, taratibu zenu zinasemaje. Na hapo, jamani, nilijua la kusema. Lilinijia kichwani likiwa limekamilika: tubebe viti vyetu, tutoke, tumkute aliko. Ukumbi mzima ungetoka ndani ya muda wa kupiga chafya mbili. Lakini kutoka nje kulimaanisha nikasimame tena juani na ile pamba, watu wanitazame upya, na mimi nilichokuwa nakitaka wakati ule ni mkutano uishe nikaoge. Nikasema, "Anaweza kujieleza kutokea hapo hapo."

Akajieleza. Aliongea habari ya mizani, ya mbegu zinazochelewa, mambo ambayo sote tunayalalamikia kwenye pombe na hatuyasemi kikaoni. Nadhani aliongea vizuri. Nasema nadhani kwa sababu nusu yake hatukuisikia, upepo ulikuwa unachukua maneno, waliokaa nyuma wanapaza sauti "Ongeza sauti!" na yeye anaongeza, na sauti ya mtu anayeongeza sauti huku mkono unamuuma inakuwa kama ya mtu mwenye hasira. Mzee mmoja jirani yangu akanong'ona, mama huyu mkali sana. Swali hata moja hakuulizwa, utamuuliza nani, dirisha?

Kura zilipohesabiwa akakosa kwa chache. Niliyatangaza matokeo mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa, ili na nje yasikike.

Baada ya siku kadhaa nilikwenda kwake na jogoo, na maneno nimeyapanga njiani. Nilimkuta uani anachambua maharage kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa kitambaa. Nikaanza: mafuta yale, mayu, nisamehe, sikufikiri, ningekuacha ujaribu siku ile. Akaniacha nimalize yote. Akaita binti yake aje apokee jogoo.

"Ya mafuta yamekwisha, Katibu," akasema. "Kuanguka nimeanguka mara nyingi, na mkono utapona. Mimi najiuliza jambo jingine."

"Niulize, mayu."

"Mlijua niko nje. Wote mlinisikia. Mbona hakuna aliyetoka?"

Nilikuwa na majibu ya mbao, ya jua, ya soli, ya urithi, lakini nilijua kwamba kati ya wote tuliokuwemo mle ndani ni mimi niliyeulizwa taratibu, nikajua la kusema, nikajibu jingine. Sikumwambia. Mpaka leo anadhani tulinyamaza wote sawasawa, na ninyi ndio wa kwanza kulisikia hili, ndiyo maana nimewaambia mnicheke mbele yangu.

Niliagana naye nikarudi nyumbani kwa miguu, baiskeli yangu niliyokwenda nayo nimeiacha kwake kwa kusahau, binti yake akanikimbizia nayo njiani. Rampu imekwanguliwa mafuta na imepigiliwa vipande vya kuzuia utelezi, na safari hii Milembe aliipanda na kushuka wiki nzima kabla hatujamwalika mtu, akituamuru kona hii, kona ile, na jengo bado linapendeza vilevile. Dumu la mke wangu nimelilipa. Lakini uchaguzi mwingine hauko karibu, na mpaka ufike nimejiapiza kwamba siku nitakayoita jina la mtu akaitika kutoka nje, nitakuwa wa kwanza kunyanyua kiti, hata nikiwa na pamba mpaka puani. Na kabla ya hapo lazima nirudi kwake kumjibu. Kila Jumapili nasema Jumapili ijayo.