Maduara Thelathini na Nane Ng'ambo ya Kinamasi

Dada yangu Tyra ameniruhusu niandike haya. Nilimuuliza kwa meseji, akajibu, "Andika. Ila usinipambe." Sawa, simpambi.

Tyra ana miaka ishirini na saba. Anasoma shahada ya pili ya misitu na wanyamapori chuoni mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kijijini kwetu Myrnäset. Utafiti wake ni kuhesabu musi, wale wanyama warefu wenye pembe kama makoleo, bila kuwaona. Anahesabu mavi yao. Cheka tu, mimi nilicheka mpaka nikaangusha simu. Lakini huku ndivyo inavyofanyika. Unapiga kigingi msituni, unafunga kamba ya mita tano na sentimita sitini na nne, unazunguka nayo, likishatoka duara unafagia mavi yote ya zamani. Hiyo ni Oktoba. Mwezi wa Mei theluji ikiyeyuka unarudi, na chochote utakachokuta kimeangushwa majira hayo hayo ya baridi. Usipofagia, unahesabu mavi ya miaka mitatu kama ya mwaka mmoja. Ni hivyo tu, hata mtoto wa chekechea anaelewa.

Tyra alikuwa na maduara mia moja na ishirini. Alifagia themanini na mawili.

Yale thelathini na nane yalikuwa ng'ambo ya kinamasi. Siku hiyo mvua ilikuwa ya barafu, gambuti moja imeingia maji, halafu kuna jamaa wa chuoni alikuwa anamtumia meseji (ameshaachwa, tusimtaje). Basi Tyra akakaa kwenye gari, hita imewashwa, akachukua fomu akaweka tiki. Tiki thelathini na nane, kwamba amefagia. Anasema kitu anachokumbuka zaidi ni kwamba kalamu ilikuwa inaandika vizuri sana. Alijiambia kesho atarudi. Kesho yake ikaanguka theluji.

Mei akakuta maduara ya ng'ambo yamejaa. Akajidanganya kwamba mavi ya zamani anayajua kwa rangi. Akaandika namba, na namba ikatoka kubwa: musi wameongezeka karibu mara mbili.

Sasa kwetu namba kama hiyo haikai kwenye kompyuta. Inaenda kwa kikundi cha wawindaji, wao ndio wanaitumia kuomba vibali vya kuua, kibali kimoja musi mmoja. Tulikuwa na vibali vitano. Mwaka huu tukapewa tisa, na kati ya hivyo, vinne ni vya majike. Baba yetu Rolf yumo kikundini. Kiongozi ni Babu Evert Stenvall, miaka sabini na nne, anaongoza tangu baba hajaoa. Si babu yetu wa damu, ila ndiye aliyemfundisha Tyra kusoma nyayo tangu hajui hata kufunga zipu.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku ya kuanza kuwinda, watu wote walikuwa uani kwetu asubuhi. Moto, birika la kahawa, soseji kwenye vijiti, kofia za rangi ya chungwa, mbwa wanalia ndani ya magari. Tyra alikuwepo kwa sababu Babu Evert mwenyewe alimwita.

"Profesa wetu wa mavi huyo!" akapiga kelele jirani yetu Sixten, fundi wa matrekta. "Makofi jamani! Vibali tisa!"

"Sixten, kunywa kahawa yako," Tyra akasema. Uso mwekundu kama beri. Mi nikadhani anaona haya kwa kusifiwa, nikamrekodi video.

Babu Evert akatoa kopo. Ni kopo la bati la tumbaku, limepauka, ndani mna vijiti vyenye namba. Unachomoa kimoja, namba yako ndiyo kituo utakachokaa na bunduki. Hilo kopo halishikwi na mtu isipokuwa kiongozi. Yaani hata kulipangusa.

"Kabla hamjachomoa," akasema, "nina neno. Tangu theluji iyeyuke nimezunguka msitu wote huu. Nimeona nyayo chache sana. Nikasema mwaka huu tuombe vibali vitatu. Kumbe musi wamezidi!" Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Macho yameisha, wenzangu. Mtu asiyeona musi wote hao asiongoze watu wenye bunduki. Rolf, shika."

Akampa baba kopo.

Baba alilishika kama sufuria ya moto. Babu Evert akamgeukia Tyra. "Usisikitike, binti. Bora nimejua kwa namba zako kuliko kwa kumpiga mtu risasi."

Kwenye kioo cha simu nikamwona Tyra anaweka kikombe juu ya kuni, anakosa, kahawa inamwagika.

"Babu, macho yako ni mazima."

"Aa, acha kunifariji."

"Sikufariji. Sikufagia."

"Hukufagia nini?"

"Ng'ambo ya kinamasi. Maduara thelathini na nane. Nilikaa kwenye gari nikaweka tiki."

Sixten akaanza kucheka, akadhani utani. Akaacha.

"Tyra!" baba akasema. "Maneno gani hayo mbele za watu?"

"Ya kweli, baba."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kila mtu pale amewahi kushika reki akafagia maduara, na mvua, na gambuti mbovu. Gunvor, mke wa Sixten, ndiye alisema polepole, "Majike wanne, Tyra. Tungeua majike wanne."

"Najua."

Babu Evert alimwendea baba, akanyoosha mkono, baba akamrudishia kopo. Akalitikisa. "Leo madume tu. Jike akipita, muacheni apite. Vibali vya majike navirudisha."

Kopo likazunguka. Kila mwaka Babu Evert humpa Tyra achomoe kijiti, ingawa hana bunduki, ili ajue akakae na nani. Mwaka huu kopo lilimpita. Halikusimama hata kidogo. Tyra akaingia ndani, na mimi video nikaifuta.

Siku hiyo hiyo alimwandikia msimamizi wake chuoni. Namba za ng'ambo zote zikatupwa, kumaliza masomo kukasogea mbele mwaka mzima. Akija nyumbani hataki kuingia dukani kijijini. Anakaa kwenye gari mpaka watu watoke, kisha anamtuma mama.

Oktoba alirudi na reki. Nilikuwa naye kwa simu ya video, kaegemeza simu kwenye kisiki, duara la thelathini na moja. Mara nyuma yake akatokea Babu Evert na mbwa wake. Hakusalimia. Akalizunguka duara taratibu, akainama, akasukuma jani kwa buti.

"Hapa," akasema.

Kigololi kimoja cha mavi, cha zamani, cheusi. Tyra akakiokota kwa mkono, akakitupa nje ya kamba.

"Yamebaki mangapi?"

"Saba, babu."

Babu Evert akaokota ncha ya kamba, akaanza kutembea nayo kuelekea kigingi kinachofuata. Nikapiga kelele, "Babu Evert, shikamoo!" Tyra akanikatia simu.