Oili Niliyoichagua kwa Vidole

Jamani, mimi Foibe ni mtu mzima, nimezika mume, nimelea wajukuu, kanisani nakaa benchi la mbele, lakini nawaambia kweli, hadi leo nikipita mlima wa ghalani hapa Kibakwe najifunika kanga mpaka puani, maana siku ile niliupanda mlima ule nikipunga mkono kama bibi harusi halafu nikaushuka kinyumenyume, gulio zima likinitazama, na kosa lilikuwa langu mimi na vidole vyangu hivi viwili.

Mjukuu wangu wa kike Sechelela, mtoto wa marehemu binti yangu Persi, ana guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Alikuwa anabahatisha, leo matofali, kesho maji, siku nyingine hakuna. Msimu huo kikundi chetu cha wakulima wa maharage kikawa kinatafuta mtu mmoja wa kubeba magunia kutoka darajani, punda wanapoyashusha, mpaka ghalani kule juu. Mwenyekiti wetu Mzee Lesilwa (tumechunga naye mbuzi utotoni, alikuwa mwoga wa kenge) alimtaka Yohana, kijana mwenye guta lake, akasema mlima ule si wa mwanamke. Kina mama tukakataa. Ikaamuliwa siku ya gulio Sechelela apande na mzigo kamili, watu waone kwa macho. Akipanda, kazi yake. Akishindwa, ya Yohana, na mjukuu wangu alishaniambia kwamba akiikosa hiyo analiuza guta anakwenda mjini kufua nguo za watu, nami niliona kabisa nitakavyobaki na kuku.

Basi nilikuwa nakwenda Mpwapwa kutazamwa macho yangu, akaniagiza.

"Bibi, pitia kwa Salumu uniletee oili. Mwambie ya pikipiki. Kopo lina picha ya pikipiki, huwezi kukosea."

Huwezi kukosea! Hakunijua.

Sasa lazima mnielewe, sijitetei ila mnielewe. Shule niliishia darasa la pili, lakini mafuta nayajua. Alizeti ikikamuliwa hapa kwetu naitwa mimi, nachovya kidole, nasugua na gumba, nasema haya yameingia maji, haya mbegu zilikuwa mbichi, haya safi, na sijawahi kukosea. Mafuta mazuri yanateleza. Tena kwetu sisi Wagogo mtu akienda kwenye jambo kubwa hatoki mkavu, anapakwa mafuta kwanza na mkubwa wake, mimi siku ya kuolewa bibi yangu Matika alinipaka ya nyonyo nikang'aa mpaka mbwa wakanibwekea. Kwa hiyo oili ile moyoni mwangu haikuwa oili tu, ilikuwa mimi nampaka mjukuu wangu.

Nikafika kwa Salumu. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akaweka kopo la pikipiki mezani. Pembeni nikaona kopo kubwa linalong'aa, lina picha ya gari.

"Na hilo?"

"Hilo la magari, bibi. Halikufai."

"Gari na pikipiki kipi kikubwa?"

"Gari, bibi."

"Kipi cha matajiri?"

Akacheka. Nikamwambia anidondoshee kidogo kidogo kwenye vidole, alikuwa nayo yote mawili yamefunguliwa ya kupima. Ile ya pikipiki nikaiona nzito, kama inang'ang'ania ngozi. Ile ya gari, jamani, iliteleza kama samli ya ng'ombe aliyezaa juzi!

"Nipimie hii."

"Bibi, nisikilize. Pikipiki klachi yake inaogelea humohumo kwenye oili ya injini. Hii ya gari ina dawa ya utelezi, itakuja..."

"Salumu," nikamwambia, "mama yako Mwanaidi nani alimfundisha kuchagua samli?"

Akanipimia kwenye kidumu changu (ungekuwa wewe ungejibu nini?). Kwa hiyo nilifika nyumbani na kidumu kisicho na picha yoyote, si ya gari wala ya pikipiki. Sechelela akakigeuza geuza. Damari, mke wa katekista, alikuwa kaja kunisalimu, kaketi pale pale.

"Bibi, hii ndo ya pikipiki kweli?"

"Mjukuu wangu, mimi ndo wa kuulizwa mambo ya mafuta?"

Damari akacheka, akasema, "Sechelela, huyo ndo mkaguzi wa wilaya." Kwetu mjukuu hambishii bibi yake mbele ya mgeni, basi akamwaga ile ya zamani akatia yangu. Akazunguka nayo bondeni kwenye tambarare, guta likaenda kimya, laini, nami nikawa natembea kifua mbele.

Siku ya gulio ikafika. Magunia yakapakiwa pale darajani, na mimi nikasema napanda juu yake. Sechelela akakataa, nikasema nani kalipaka mafuta guta hili, nikapandishwa na wanaume wawili, kanga yangu mpya, kitambaa kichwani. Tukaanza mlima. Barabara imejaa watu huku na huku, nami napunga mkono na kupiga vigelegele, nampungia Mama Nyemo wa vitunguu, nampungia Elia kinyozi, nampungia Damari, nampungia Mzee Mtawa aliyeketi kwenye ngazi za duka, na kule juu mlangoni mwa ghala namwona Lesilwa na fimbo yake, nikampungia kwa mikono yote miwili.

Hapo ndo nikasikia injini imepandisha sauti. Inalia, inalia kama nyuki wamechokozwa, lakini Mzee Mtawa haondoki. Nikamtazama tena. Yupo. Mimi napunga, yeye ananipungia, injini inapiga kelele na sisi tumesimama. Sechelela akatia gia ndogo, akazidisha moto, wapi. Halafu Mzee Mtawa akaanza kwenda mbele. Nikasema huyu mzee anakwenda wapi na ngazi za duka? Kumbe tunarudi sisi.

Breki zilikuwa zinashika kidogo kidogo kwa ule uzito, kwa hiyo tulishuka polepole, heri tungeshuka kwa kasi yangeisha haraka. Nikampita Damari kinyumenyume. Nikampita Elia kinyozi, mkasi hewani, mteja wake kageuka na nusu ya kichwa. Na mkono wangu, jamani, ulikuwa umeganda juu, kwa hiyo ilionekana kama naaga. Mama Nyemo akapaza sauti, "Bibi Foibe, umesahau nini huko chini?" Gulio zima likaangua kicheko.

Tuliishia kwenye lundo la makapi ya maharage. Guta likazama, likasimama, na mimi nikateleza kutoka juu ya gunia nikaingia makapini mpaka kifuani. Sikuumia. Ningependa ningeumia kidogo, watu wangenionea huruma.

Sechelela hakulia. Alizima injini akaweka mikono yote juu ya usukani akatazama chini, na hilo lilinichoma kuliko kicheko. Lesilwa akawa amefika.

"Mmeona? Nilisema mimi. Mlima huu una wenyewe."

Yohana naye nyuma yake, "Dada, klachi inabanwa hivi," anaonyesha kwa mkono, vijana wanacheka.

Jamani, ningeweza kunyamaza. Sechelela mwenyewe alikuwa ameshanusa oili iliyovuja, akanitazama, akajua, na angeibeba aibu ile peke yake mpaka mjini. Nikasema hapana. Nikiwa mle mle makapini nikapaza sauti:

"Lesilwa! Mtoto hana kosa. Oili nilichagua mimi. Niliambiwa ya pikipiki nikaleta ya gari. Niliionja kwa vidole."

Kikaja kicheko kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. "Huyu ndo anatukagulia mafuta!" mtu akasema. Elia akasema mwakani watamleta fundi magari akague alizeti. Lakini Yohana hakucheka. Alikuwa anakuna kisogo.

"Ya gari kweli, bibi?"

"Ya gari, inateleza sana."

"Basi si yeye," akasema. "Klachi yetu ni visahani vimepangana, lazima vishikane ndo nguvu ifike magurudumuni. Ukitia ya gari vinapitana tu. Hata mimi yalinikuta. Nilisukuma guta langu usiku, wenzangu wasinione."

Lesilwa akageuka. "Na wewe?"

"Na mimi, mzee."

Kina mama wakadakia. Damari akamwuliza mwenyekiti kama na Yohana ni mwanamke, maana mlima umemkataa naye. Ikaamuliwa Sechelela arudie gulio linalofuata, na Lesilwa akaongeza, fimbo ikinielekea mimi, kwamba Foibe asiguse hata nati ya guta.

Ile oili ikamwagwa, Sechelela akatia ya pikipiki, akazunguka, akaimwaga akatia nyingine ili utelezi wote utoke kwenye visahani, na Yohana mwenyewe alikuja kumsaidia kuvikagua, wakasema bahati havijaungua. Siku yenyewe mimi sikusimama barabarani. Nilijificha nyuma ya ghala nimeziba masikio, lakini masikio yangu hayazibiki vizuri, nikalisikia guta likitoka darajani, sauti nzito, haipandi haishuki, inakuja, inakuja, mpaka ardhi ikatetemeka chini ya miguu yangu, ndipo nikasikia Lesilwa anasema, "Haya, shusheni magunia." Nikatoka mbio kama msichana.

Mjukuu wangu yuko hapa nyumbani, msimu wote kapanda na kushuka, na kila wiki ananituma Mpwapwa kwa oili, hakuniondoa kazini, Mungu ambariki. Nami niliapa, na kiapo nakitunza: siku hizi nakwenda nimebeba kopo lililoisha, lenye picha ya pikipiki, naliweka mezani kwa Salumu nasema, "Kama hili, mwanangu," na mikono yote miwili naiweka mgongoni.