Upande Usiokuwa Wako

Moraa alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee katika hospitali moja ya mashariki ya Birmingham, Uingereza, na hakuna aliyemwelewa alipotangaza, mwaka 1973, kwamba anataka kusoma siasa za Marekani. Wenzake wa kanisani walidhani anafanya utani. Mwenye nyumba aliyempangisha chumba pale Small Heath alimwuliza kama ana mpango wa kuhamia huko.

Hakuwa na mpango wowote. Majira yale ya kiangazi wagonjwa wake walikuwa wakikaa mbele ya televisheni ya wodi, wakitazama maseneta wa Marekani wakiwahoji watu wa rais wao mmoja baada ya mwingine. Moraa alikuwa akipita na sinia la vidonge, akasimama, akashindwa kuondoka. Kule Kisii alikokulia hakuwahi kuona mkubwa akiulizwa swali mbele ya watu na kutakiwa kulijibu. Hata kanisani kwao, kijana aliyeuliza sana alishauriwa aende akaombe. Alitaka kujua watu wale walipata wapi ruhusa ya kuuliza.

Basi akajiandikisha katika chuo cha jioni katikati ya mji. Mwalimu wao, Bwana Pemberton, alikuwa Mwingereza mwembamba aliyewahi kuishi Ohio, na alikuwa na desturi moja iliyowakera wote mwanzoni. Kila hoja ilipozuka darasani, alimpa mwanafunzi kazi ya kutetea upande asioukubali.

"Ukishindwa kumsemea mpinzani wako vizuri," aliwaambia, "bado hujamwelewa. Unamchukia tu."

Jioni ya kwanza Moraa alifungua kitabu kikubwa walichogawiwa, akanong'ona kwa Kiswahili, akidhani hakuna atakayemsikia: "Mungu wangu, yote haya?"

Sauti ikamjibu kutoka kiti cha nyuma: "Na hiyo ni sura ya kwanza tu, dada."

Aliyejibu alikuwa Kishore, Mhindi mzaliwa wa Nakuru. Huko alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwanzoni mwa 1968 alikimbilia Uingereza na mkewe Raksha na mama yake mzee, katika ule msongamano wa Wahindi wa Kenya waliowahi ndege kabla sheria mpya ya Uingereza haijawafungia mlango. Sasa alifanya kazi katika kiwanda kidogo Saltley, akitengeneza vitasa vya milango. Tangu jioni ile walikaa dawati moja, wakazungumza Kiswahili cha nyumbani, na darasa likiisha walitembea pamoja mpaka kituo cha basi.

Mwezi wa Oktoba Moraa alipewa kazi ya kumtetea rais wa Marekani, aliyekuwa amekataa kutoa kanda za sauti zilizorekodiwa ofisini kwake. Alisoma wiki nzima. Alisimama akasema kwamba kiongozi akijua kila neno lake litaletwa mahakamani, hakuna mshauri atakayethubutu kumwambia ukweli. Aliongea vizuri mno. Kishore alikuwa wa mwisho kupiga makofi.

"Umenitisha," alimwambia njiani. "Nilikaribia kukubali."

"Mimi mwenyewe nimejitisha," Moraa alisema. Na ilikuwa kweli. Usiku huo aligundua kwamba nusu ya hoja zile alikuwa ameziamini, na asubuhi bado alimwona rais yule ana makosa. Hakujua kwamba mtu anaweza kubeba vitu viwili hivyo kichwani na bado aende kazini.

Ndipo likatokea lile jambo la Februari. Klabu moja ya wanafunzi wa mchana ilimwalika mtu aliyekuwa akizunguka mijini akisema kwamba weusi na Wahindi wapandishwe meli na kurudishwa walikotoka. Chama cha wanafunzi kiliitisha mkutano wa kupiga kura: azuiwe au aruhusiwe kusema. Wa masomo ya jioni nao walikuwa na haki ya kuhudhuria.

Ukumbi ulijaa. Kijana mmoja mwenye ndevu alisimama akasema kwamba maneno kama yale si maoni, ni rungu. Wengi walishangilia. Moraa alikuwa ameketi karibu na Kishore. Akanyoosha mkono.

"Mimi ni mmoja wa hao wanaotakiwa kupandishwa meli," alisema. "Nataka kumsikia. Ameshasema hayo mahali ambapo siwezi kumwuliza kitu. Aje hapa nimwulize."

Alipoketi watu waligeuka kumtazama, wengine wakimpigia makofi, wengine wakitikisa kichwa. Kishore hakumtazama. Kura zilipohesabiwa, waliotaka mtu yule aruhusiwe walishinda kwa tofauti ndogo.

Nje kulikuwa na manyunyu. Kishore alitembea mbele, mikono mifukoni.

"Kishore, ngoja. Umekasirika?"

Alisimama. "Dada, wewe una pasipoti gani?"

"Ya Kenya. Unajua."

"Ukifukuzwa hapa, utaenda wapi?"

"Nitarudi nyumbani."

"Mimi je?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nina pasipoti ya Uingereza. Kenya hawanitaki. India sijawahi kufika. Mtu yule akipata anachotaka, meli yangu haina bandari. Wewe unaweza kumsikiliza kwa sababu una mlango wa nyuma. Usinifanye mimi nilipie uvumilivu wako."

Basi lake lilikuja akapanda bila kumuaga. Moraa alibaki kituoni. Katika hoja zote alizozipanga kabla ya mkutano, hii haikuwamo.

Siku ya mkutano wa mgeni yule, waandamanaji walijaa barabarani nje ya chuo. Moraa alipopita aliwaona Kishore na Raksha wameshika bango, kila mmoja upande wake. Raksha alimpungia mkono kidogo. Kishore alikuwa akitazama mbele.

Ndani, mgeni hakuwa jitu. Alikuwa mzee mwenye sauti laini, mwenye tai safi, aliyesema "mabibi na mabwana." Alipomaliza, Moraa alikuwa wa tatu kuuliza.

"Bwana, ni kitu gani kingeweza kukufanya ubadili mawazo yako?"

Mzee alimtazama kwa upole. "Hakuna, binti. Nimelifikiria jambo hili miaka thelathini." Waliokuwa mbele wakacheka na kupiga makofi, na swali la mtu mwingine likachukuliwa.

Moraa aliketi. Hapakuwa na zaidi. Alikuja akidhani kwamba swali jema humlazimisha mtu afikiri, akajifunza kwamba mtu anaweza kulipokea kwa adabu na kulirudisha bila kulifungua. Kisha akajiuliza lile lile mwenyewe: kitu gani kingembadilisha yeye? Alikumbuka maneno ya Kishore pale kituoni, akajisikia vibaya.

Aliporudi, ndani ya basi la Coventry Road, vijana wanne waliokuwa ukumbini walipanda nyuma yake. Kondakta alikuwa Kalasinga wa makamo aliyeitwa Tarsem, ambaye Moraa alimjua kwa sababu alipanda basi lake mara nyingi akienda zamu. Vijana walianza kumwimbia habari za meli. Mmoja alikuwa na sauti nzuri, hilo ndilo lililomuumiza Moraa zaidi. Tarsem aliendelea kukata tiketi. Abiria walitazama nje ya madirisha.

Moraa aliinuka, akaenda kusimama bega kwa bega na kondakta, akashika nguzo. Alibaki pale mpaka wale vijana waliposhuka.

"Asante, Sista," Tarsem alimwambia kwa Kiingereza. "Lakini ungekaa tu. Kila Jumamosi huwa hivi."

Jumanne iliyofuata Bwana Pemberton, kwa nia njema, alitaka Moraa atetee kuzuiwa kwa mgeni na Kishore atetee kuruhusiwa. Kishore alisimama, akafunga mkoba wake.

"Kwa wengine huu ni mchezo," alisema. "Kwangu sio." Akatoka.

Jumanne iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Basi Moraa alikwenda kwake, nyumba iliyoungana na za jirani kwa mstari, karibu na Alum Rock Road. Raksha alimfungulia, akamkalisha jikoni, akaweka sufuria ya chai yenye tangawizi. Kishore aliingia na nguo za kiwandani.

"Sikuja kuomba radhi," Moraa alisema. "Bado nadhani ilikuwa sawa mtu yule kuruhusiwa kusema. Nimekuja kukusemea wewe. Ukiona nimekosea, unisahihishe."

Akaanza. Alisema kwamba uhuru wa kusema hauna bei moja kwa watu wote. Alisema kwamba maneno hayabaki ukumbini, akaeleza habari za basi. Alisema kwamba mtu anayejadiliwa kama mzigo wa kurudishwa hawezi kuketi kwenye kiti sawa na anayemjadili. Kishore alisikiliza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Umemsahau mama," alisema.

Mama yake alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Kishore alimweleza Moraa kwamba tangu wafike, miaka sita sasa, mama hajakubali sanduku lake lifunguliwe lote. Akisikia redioni jina la mtu kama yule, huinuka na kulikagua.

Mama alisikia akitajwa. "Nani iko huko?" aliita kwa Kiswahili cha dukani Nakuru.

"Ni rafiki, Ba," Kishore alimjibu mama yake. "Wa Kisii."

"Kisii! Ndizi yake tamu sana. Lete yeye hapa."

Moraa alikwenda akaketi kitandani karibu naye. Walizungumza juu ya ndizi, na mvua ya Nakuru, na hakuna aliyetaja meli.

Kishore alirudi darasani baada ya Pasaka. Hawakukubaliana, na waliacha kujaribu. Mwezi wa Agosti rais wa Marekani alijiuzulu, na Moraa alisikia habari hizo asubuhi akiwapa wagonjwa uji. Mzee mmoja aliyekuwa akimtetea rais siku zote alilia. Moraa alimshika mkono, akakumbuka hoja za kanda, akamwambia kwamba rais yule alikuwa na sababu zake, na kwamba anazijua.

Mwaka ule ule, majira ya baridi, Kishore alimsubiri nje ya darasa, uso umejaa haya. Kulikuwa na Mmarekani kijana aliyekataa kwenda vitani Vietnam, na Kishore alitaka aje azungumze. Wakubwa wa chuo walikataa kutoa ukumbi. Walisema ataleta fujo.

"Nataka kuwaandikia," Kishore alisema. "Lakini wewe ndiye unayezijua zile hoja. Usicheke."

Moraa hakucheka. Waliandika pamoja jikoni kwa Raksha, wakibishana juu ya kila sentensi, maana Kishore alitaka barua iseme kwamba huyu ni tofauti na yule mwingine, na Moraa alitaka iseme kwamba sheria ni moja. Mwishowe iliyasema yote mawili, kwa Kiingereza kigumu kidogo. Chuo kiliwapa chumba cha chini, baridi kama nje.

Watu wachache walikuja. Yule Mmarekani alikuwa mpole na alichosha sana. Alisoma karatasi kwa muda mrefu bila kuinua macho. Katikati ya hotuba Moraa aligeuka akamwona Kishore amesinzia, kidevu kifuani. Mstari wa nyuma waliketi vijana wawili wa klabu iliyomwalika mzee wa meli, mikono wameikunja, wamekuja kusikia.

Moraa aliwasogezea viti karibu na hita ya umeme, kwa kuwa walikuwa wakitetemeka, kisha akampiga Kishore kiwiko. Muda wa maswali ulikuwa umefika.