Ingia Tu, Mwalimu

Kwetu Cwm Helyg, bonde letu la Wawelshi, mtu haitwi kwa jina la ukoo. Akina Jones na akina Evans wamejaa bondeni hadi mleta barua anachanganyikiwa, kwa hiyo kila mtu hubebeshwa kazi yake na kuzikwa nayo. Mimi ni Gwerfyl Mikate, ingawa huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu duka langu la mikate lifungwe. Na Meurig Jones, mwana wa mchimba mawe, amekuwa Meurig Basi tangu alipokuwa na nywele kichwani.

Naandika habari za Meurig kwa sababu watu wanamsema vibaya, na wanaomsema zaidi ni walewale aliowabeba. Nina hasira nao. Nina hasira na nafsi yangu pia, lakini hilo litakuja.

Aliendesha basi namba arobaini na saba, kutoka kwetu hadi mjini Trefaelog, dakika hamsini za kona na kondoo, kwa miaka thelathini na moja. Hakuwahi kumiliki gari. Alisema mtu wa basi kununua gari ni kama mchungaji wa kanisa kwenda kusali msikitini. Ana masikio makubwa na sauti nzuri ya kwaya, na kwenye mteremko wa daraja alikuwa akiimba, sijui kwa furaha au kwa kuogopa breki. Kama ilikuwa siku yako ya kwenda mjini na hukuonekana kituoni, alipiga honi mara mbili. Usipotoka, alishuka kugonga mlango. Ndivyo alivyonikuta mimi sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, na chai imekwisha kupoa mezani. Abiria wote walisubiri barabarani mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa Idwal Nyama, mwenye bucha, ambaye hunung'unika hata akiwa usingizini.

Miaka mitano iliyopita wakubwa wa usafiri walimpa Meurig basi la umeme, la kwanza bondeni. Wee! Ungedhani ameoa. Alilifuta vioo kwa kitambaa chake mwenyewe. Na pamoja na basi ilikuja karatasi ya rangi yenye duara la malengo saba ya ustawi, yale ya sheria yetu: afya, usawa, jamii iliyoshikamana, lugha yetu isife, dunia isichomeke, na mengine. Sisi wengine tuliiona kama makaratasi mengine yote ya serikali. Meurig aliibandika nyuma ya kiti chake na kuisoma kama amri za Musa.

"Gwerfyl, hebu tazama," aliniambia siku moja tukisubiri kondoo wapite. "Afya: nawapeleka kwa daktari. Usawa: asiye na gari anafika sawa na mwenye gari. Lugha: sikiliza tu kelele zenu huko nyuma. Moshi: hakuna. Haya, nionyeshe lengo ambalo basi hili halilifanyi."

"La kufika kwa wakati," nikamwambia.

"Hilo halimo kwenye duara," akasema, akacheka hadi masikio yakatikisika.

Sasa nieleze kuhusu kadi. Wazee wote kwetu tunasafiri bure, na kila mmoja ana kadi yenye picha yake. Ukipanda unaigusisha kwenye mashine iliyo pembeni ya dereva, inalia, unaenda kukaa. Hiyo ndiyo sheria. Lakini kwetu mvua hainyeshi, inaishi. Unapanda na mwavuli mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, glavu zimelowa, na kadi iko chini kabisa ya mkoba, chini ya leso na miwani na peremende za kanisani. Meurig aliona tabu hiyo akasema, "Ingia tu." Alimwambia hivyo kila mtu wa bondeni. Mashine aliiwasha kwa ajili ya wageni, wale wapanda milima wenye mabegi makubwa. Sisi tuliingia tu. Tulikuwa tunasafiri bure, kwa hiyo nani angedhurika?

Aliyeanza kuambiwa hivyo ni Tegwen. Tegwen alifundisha shule yetu ndogo miaka arobaini, na Jumapili akafundisha watoto kanisani, na Meurig alisoma kwake herufi zote anazozijua. Sasa ana miaka themanini na mbili na vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Mumewe Ifor, aliyekuwa mchunga kondoo, alipata kiharusi akalazwa kwenye nyumba ya wazee Trefaelog. Kiharusi kilifuta Kiingereza chote kichwani mwake, kikamwachia Kiwelshi cha mama yake, na wauguzi pale hawajui neno la Kiwelshi. Alikataa kula mikononi mwao. Kila Jumanne na Ijumaa Tegwen alipanda basi la saa tatu na dakika kumi asubuhi, akaenda kumlisha mumewe chakula cha mchana na kuzungumza naye habari za kondoo waliokwisha kufa zamani.

"Ingia tu, Mwalimu," Meurig alimwambia, na kumshika mkono hadi akae kiti cha kwanza.

Mwezi wa Mei mwaka juzi tukaitwa mkutanoni, alasiri, katika ukumbi wa kanisa. Binti mmoja aitwaye Heledd alikuja kutoka ofisi ya usafiri. Alikuwa na adabu, na alizungumza Kiwelshi kizuri cha kaskazini. Alionyesha ukutani duara lilelile la malengo saba, na mimi nikamwona Meurig akitabasamu kule nyuma karibu na birika la chai. Kisha Heledd akasema basi lile ni la thamani, na ustawi wa wote unadai lipelekwe mahali penye watu. Namba arobaini na saba ilikuwa na wastani wa abiria wawili na nusu kwa safari.

Tulicheka ukumbi mzima.

"Nusu ni nani?" nikauliza. "Au Idwal akipumua kwa kuvuta tumbo ndani?"

"Nyamaza wewe, kaa la moto," Idwal akasema.

"Binti yangu," nikamwambia Heledd, "Ijumaa iliyopita mimi nimesimama mpaka Trefaelog na nyonga ya chuma, viti vimejaa. Huyo aliyekuhesabia alihesabu usiku?"

"Hesabu inatoka kwenye mashine, mama," akasema. "Kila kadi ikigusishwa, ni abiria mmoja. Isipogusishwa..."

Hakuwa mjinga. Alitutazama mmoja mmoja, na sisi tukaanza kutazamana, kisha vichwa vyote vikageuka nyuma.

Meurig alikuwa ameshika kikombe ambacho hakikuwa na chai.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nawaambia waingie tu."

"Lakini kwa nini, bwana Jones?"

"Huyu alinifundisha kusoma." Alimwonyesha Tegwen kwa kikombe. "Nimsimamishe mlangoni kwenye mvua nimwulize, wewe ni nani, lete picha yako? Ungekuwa wewe ungeweza?"

Heledd aliinamisha macho kwenye karatasi zake. "Sisemi ulifanya vibaya," akasema polepole. "Nasema kwenye karatasi watu hawa hawapo."

Hapo Idwal akasimama, uso mwekundu kama nyama anayouza. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyetuua!" akampigia kelele Meurig. Idwal huyu, ambaye sijawahi kuona kadi yake ikitoka mfukoni! Nikamwambia hivyo mbele ya watu. Lakini na mimi yangu ilikuwa bado imo kwenye bahasha iliyokuja nayo, miaka minane sasa. Wema usizidi uwezo, walisema wa kale. Sisi tulikuwa tumeula wema wa mtu mmoja hadi ukaisha, na tukamgeuka yeye.

Tulipewa wiki sita za kutoa maoni. Ndipo Meurig akatukusanya kituoni akasema kuanzia leo kila mtu agusishe kadi, hata akiwa Mtume Petro. Tukagusisha. Mvua ilitupiga mgongoni wakati aliye mbele anafukua mkoba. Tegwen hakuweza kuishika kadi vizuri, iliteleza ikaanguka mara tatu, na Meurig aliketi ameng'ang'ania usukani bila kumsaidia, macho mbele, kwa sababu alikuwa ameapa kila mtu ahesabiwe kwa mkono wake mwenyewe. Idwal alijaribu kugusisha mara mbili, Meurig akafunika mashine kwa kiganja.

"Mara moja. Mtu ni mmoja."

"Si tunaongezea hesabu kidogo tu?"

"Tukidanganya sasa, Idwal, hata ukweli wetu watauita uongo."

Basi likaanza kuchelewa dakika kumi, kumi na tano. Mashine iliandika hilo pia.

Wiki ya sita wastani ulikuwa abiria kumi na tisa. Meurig alikuja na namba hiyo dukani kwa Idwal, imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, akaibandika kwenye kioo cha mbele cha duka. Tuliamini tumepona. Mimi nilioka mkate wa zabibu, kwa mara ya kwanza tangu nifunge duka, na tukaula ndani ya basi tukitapakaza makombo, naye hakutugombeza.

Barua ilifika Agosti. Ilikuwa ya heshima. Ilisema hesabu za wiki za maoni hazikutumika, kwani inajulikana kwamba watu hupanda basi zaidi wanaposikia litaondolewa. Zilitumika hesabu za miaka mitatu ya kawaida. Nilikaa na barua ile mapajani na nikalia, na mimi silii ovyo.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Heledd alikuja, maskini, na mpiga picha. Walimpiga Tegwen picha akigusisha kadi; siku hiyo aliweza mara ya kwanza tu, na mashine ikalia vizuri, naye akacheka. Jioni Meurig alibandua karatasi ya malengo nyuma ya kiti, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akalipeleka basi karakana, na kurudi bondeni akatembea. Maili tisa.

Tuliachiwa basi dogo la kuitwa kwa simu. Uliite jana ili lije kesho. Simu kwetu hushika mtandao mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa makaburi, na Tegwen alipanda huko na fimbo yake, akisikiliza muziki wa kusubiri kati ya mawe ya jamaa zake. Mara basi lilikuwepo, mara nafasi zimejaa, mara lilikubaliwa na lisije. Ziara mbili kwa wiki zikawa moja, kisha moja kwa wiki mbili. Wenye nguvu ya kununua walinunua magari makuukuu ya dizeli; bonde ambalo halikuwa na moshi likaanza kukohoa asubuhi. Mimi macho yangu hayaruhusiwi tena kuendesha. Idwal alikuwa na gari lake la bucha, lakini hakumpa Meurig hata salamu, sembuse ufunguo.

Na Meurig? Kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu na dakika kumi, alikuwa amesimama kituoni na Tegwen, amevaa koti lake la kazi, kuhakikisha lile dogo limekuja. Lisipokuja alimrudisha nyumbani kwa mkono. Siku nyingine hakutoka kabisa, mapazia yake yamefungwa mchana. Nilimgongea mlango kama alivyonigongea mimi. Alifungua, akanipa chai, hakuimba.

Januari ilikuja ripoti ya mwaka ya ofisi ya usafiri. Jaladani alikuwa Tegwen, anacheka, kadi mkononi. Ndani waliandika kwamba basi la umeme sasa linabeba watu wengi zaidi huko pwani, na lengo limefikiwa. Nadhani ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Ifor alikufa Jumanne moja ya Februari, kabla ya saa sita mchana. Tegwen alikuwa hajamwona siku kumi na tisa. Muuguzi alisema kwenye simu kwamba siku za mwisho mzee alizungumza sana, sana, ila hawakuelewa alichokuwa akisema.

Nilikwenda kwa Idwal. Nilinyoosha mkono tu, naye akaweka ufunguo wa gari la bucha kiganjani mwangu na kugeukia nyama zake. Meurig alikuja nalo mlangoni kwa Tegwen ampeleke Trefaelog kwa Ifor, amevaa tai. Mimi nilipanda nyuma, kwenye harufu ya mafuta ya kondoo. Mvua ilikuwa ileile.

Tegwen alitoka na koti jeusi. Alifika mlangoni pa gari akasimama, akaanza kufukua mkoba. Leso, miwani, peremende. Nikataka kumwambia, Tegwen, hapa hakuna mashine. Vidole vilivyopinda vikaipata kadi, vikaishika, na akamnyooshea Meurig.

Nilingoja aseme yale maneno yake. Hakuyasema. Aliipokea kadi, akaitazama picha, akaigeuza akaitazama nyuma, kama alivyotakiwa kufanya miaka yote ile, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nimehesabiwa?" Tegwen akauliza.

"Umehesabiwa, Mwalimu," akasema, akamfungia mlango.