Waliacha Bati, Wakabeba Ukuta

Mwizi wa huku Kiabakari akija kwako anaiba bati. Akikosa bati, anang'oa mlango.

Waliokuja kwangu waliacha bati, wakaacha mlango na fremu yake, wakapakia ukuta.

Tena hawakuwa wezi. Chai niliwapikia mwenyewe.

Ndugu zangu mnaosoma, elimu yangu ni darasa la saba na haya naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ila kisa nimekaa nacho kifuani muda mrefu kabla ya kukitoa, na chumvi sijaongeza.

Mume wangu Alawi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi ujenzi. Kwao Bunda. Kazi ndiyo ilimleta huku, tukanunua kiwanja cha bondeni kwa sababu ndicho tulichokiweza. Mvua ikinyesha, maji yanaingia mpaka mvunguni mwa kitanda.

Alawi akaamua kukiinua kile kiwanja.

Kulikuwa na lundo la mchanga wa kijivu lililoachwa na wachimbaji wa enzi za wazungu. Walisaga mawe, wakatoa dhahabu iliyowalipa, masalia wakayamwaga. Huku kwetu tunayaita marudio. Wakati ule hayakuwa na mwenyewe. Ukiwa na mkokoteni, unachota.

Alawi alichota miaka. Akajaza kiwanja, akasindilia sakafu, akachanganya na udongo akafyatua tofali mbichi, akapiga lipu ndani na nje. Chini ya ukuta akapaka ukanda wa rangi ya bluu. Maji yakaanza kupita pembeni.

Watu walimcheka. "Fundi mzima unajenga kwa uchafu wa mzungu?"

"Uchafu wake, ukuta wangu," anajibu.

Akaumwa, akafa. Eda nilikaa ndani ya kuta zile zile, nikamaliza, maisha yakaendelea. Naanika mihogo, nauza unga, naswali, nalala.

Sasa njoo mwaka jana. Dhahabu ilipanda mpaka wauza maandazi wakawa wanaiongelea. Vijana wanaamka, kabla hawajanawa uso wameshaangalia bei ya dunia kwenye simu.

Asubuhi moja nafagia uwanja, gari dogo likasimama. Akashuka kijana nadhifu, anaitwa Gody, mtu wa Nyakato kule Musoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Salamu ilikuja kwangu. Macho yalikwenda ukutani.

"Mama, hii nyumba imechoka."

"Na mimi nimechoka. Tunalingana."

Akacheka kwa adabu. Akasema ana kiwanja chake cha kujaza, anatafuta kifusi. Nikimruhusu abomoe nyumba na kuchota kifusi chote cha kiwanja, atanijengea nyumba ya tofali za saruji, vyumba vitatu, bati jipya. Mimi sitoi hata mia.

"Na mama yangu pia alikuwa mjane," akaongeza. "Nitapata thawabu."

Nikamwambia nitafikiri.

Jirani yangu Rhobi alikuwa ameshasikia yote kutoka uani kwake.

"Wee mama Tausi! Mungu akikuletea nyama, usimuulize ng'ombe alikuwa wa nani. Mimi mtu kama huyo nilikuwaga namuota tu!"

"Nani anajenga nyumba ili apate kifusi, Rhobi?"

"Mwenye hela zake. Wewe unazo za kumfundisha?"

Kwetu mjane hauzi wala habomoi bila neno la ndugu wa marehemu. Nikampigia shemeji yangu Said, mdogo wake Alawi. Yeye yuko kwenye karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na ndiye aliyesimama kama kaka yangu tangu msiba.

"Shemeji, mimi naona heri," akasema. "Kaka angekuwepo angefurahi ulale kwenye saruji."

Nikakubali, ila kwa sharti. Mjane mwenzangu, jifunze hili: jenga kwanza, bomoa baadaye. Nilimwambia Gody hivyo mbele ya mjumbe wa mtaa.

Akakubali palepale. Alikubali haraka mpaka nikaogopa.

Na kweli akajenga. Kwenye kona ya juu ya kiwanja, nyumba safi, madirisha makubwa. Nilipoingiza mkeka wangu wa kuswalia mle ndani nililia, sisemi uongo. Alhamdulillah.

Ndipo wakaja kubomoa.

Bati za zamani wakazitupa pembeni. Mlango wakaniambia, "Chukua mama, kuni hizo." Ukuta ndio waliushusha polepole, wametandika maturubai chini, kama watu wanaochuma kunde zilizokauka na hawataki hata moja idondoke.

Mimi nimekaa kwenye kiti, nachambua mchele, naangalia.

Walivunja kuta, wakachimba sakafu. Kilichodondoka kwenye koleo wakafagia kwa ufagio. Lori la kwanza likaondoka.

Halafu nikamuona kibarua mmoja anavua viatu, anavikung'utia ndani ya turubai.

Nikaweka ungo chini.

"Simameni."

Gody akaja mbio. "Mama, vipi tena? Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kifusi. Kifusi hakikung'utwi kwenye viatu. Kuna nini kwenye nyumba ya mume wangu?"

"Mama, ni vijana wasafi tu hawa!"

"Basi leo wapumzike na usafi wao."

Nikasimama mbele ya lori la pili, na khanga yangu, sibanduki. Rhobi huko nyuma anapiga kelele, "Mama Tausi unamtukana Mungu wewe! Nyumba ameshakupa!"

Nikajaza ndoo udongo wa ukuta, nikajitwisha, nikaenda karasha kwa Said.

Kule walinicheka sana. "Mama amekuja kuosha nyumba! Kesho analeta kitanda!"

Said hakucheka. Alichukua karai, akatia udongo, akatia maji, akaanza kuzungusha. Sote huku tunajua kusoma karai. Dhahabu ikiwepo, mchanga ukiondoka unaona kamstari ka njano pembeni kanabaki. Akazungusha mpaka mchanga ukaisha.

Hamna kamstari.

Akaosha tena, akatia zebaki, ile inayonasa dhahabu. Hamna.

"Said, niapie," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyebaki wa damu yake. Niapie kwa Mwenyezi Mungu."

Akaniangalia usoni. "Wallahi shemeji, kwenye karai hili hamna kitu."

Mtu akiapa hivyo mbele yako, na macho yako umeona, unataka nini tena?

Nikarudi. Nikamuomba Gody radhi mbele ya vibarua wake. Nikaswali rakaa mbili, nikaomba msamaha kwa kumdhania mja vibaya. Wakachota mpaka udongo mwekundu wa asili ukatokea. Uwanja ukabaki shimo.

Ikapita masika. Siku moja tunatoka msibani upande wa Butiama, tukakata njia ya mkato. Wenzangu walitangulia, mimi goti linanisumbua. Nikapita kando ya uzio wa mabati, ndani kuna matangi makubwa, pembeni malundo ya udongo.

Juu ya lundo moja kuna bonge lina rangi ya bluu.

Rangi ile niliisugua kwa mkono wangu kila sikukuu. Unadhani nitaisahau?

Mlinzi akatoka. "Mama, usisogee, hapa kuna sumu." Jina lake Silasi, kijana mpole.

"Sumu ya nini, baba?"

"Sayanaidi. Ya kuchenjulia dhahabu."

"Kwenye udongo wa nyumba?"

Akacheka. "Hiyo ya marudio ya zamani ndiyo yenyewe. Dhahabu yake laini kama unga, karai haiioni hata uoshe mwaka. Mzungu mwenyewe ilimshinda, akaitupa. Sasa hivi unailoweka kwenye dawa inayeyuka, halafu inakamatwa. Zamani isingelipa. Kwa bei ya sasa watu wanahama mitaa."

Nikashika uzio.

"Ya Gody hii?"

"Gody mwenye matangi. Mwenye mzigo ni mzee Said, wa pale karasha. Alisema ni nyumba ya familia yao. Wanagawana nusu kwa nusu, gharama za kumjengea yule mama zimekatwa kwanza." Akaniangalia vizuri. "Kwani wewe ni nani, mama?"

"Mimi ndiye gharama," nikamjibu.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Said.

Nilimkuta barazani. Mkewe Sabiha akaniletea chai, bila hata kunitazama. Nikajua na yeye anajua.

"Said, nimeona ukuta wa kaka yako kwenye matangi."

Akavuta pumzi kama mtu aliyeshusha mzigo.

"Shemeji, mimi sikukudanganya. Uliniuliza kwenye karai kuna nini. Nikaapa cha kwenye karai."

"Uliapa kwa Mungu."

"Na nilisema kweli! Mungu anajua." Sasa sauti ikapanda. "Haya, ungejua ungefanyaje? Una matangi wewe? Una dawa? Udongo ule ungekaa nao mpaka kiyama, na ungebaki udongo. Mimi nimeutafutia njia. Na wewe umepata nyumba, sijakuacha mikono mitupu."

Wenzangu, hapo ndipo pananiuma mpaka leo, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Matangi sina. Dawa siijui. Mzungu alikuwa na mashine yake, akachota yaliyomnogea. Gody ana ya kwake. Sisi katikati hapa kila zama tunabaki na mkokoteni.

Lakini nikamwambia, "Ningejua, Said, ningekuwa na neno la kusema. Ningesema bei. Hilo tu ndilo mliloninyima, na hilo ndilo lilikuwa langu."

Akalainisha sauti.

"Basi yaishe, shemeji. Mwaka huu nina zaka ya kutoa, Mungu amenijalia. Wewe mjane, unastahili. Nitakuanza wewe."

Nikasimama. Chai sikuionja.

"Zaka hutolewa kwenye mali ya mtu mwenyewe, Said. Tafuta kwanza hiyo mali, halafu uniite."

Nikaondoka. Sabiha alinisindikiza mpaka njiani, analia.

Nilikwenda kwa mjumbe. Akasema nilikubali mwenyewe, mbele yake, kifusi chote. Ni kweli. Nikamwachia Mungu, na Mungu hana haraka.

Mnaosoma mchukue moja. Mtu akikuletea kipya abadilishane na kikuukuu chako, usishike kipya ukakigeuzageuza kukitafutia kasoro. Muulize kikuukuu anakipeleka wapi, na kule kinapimwa kwa kifaa gani.

Na ukitaka kumwapisha ndugu, usimwapishe juu ya karai. Mwapishe juu ya moyo wake, uone kama ulimi utanyanyuka.